Dawa ya Moto ya Mtaa wa Narung'ombe

Upanga,
12 Februari 2024

Shikamoo Bi. Somoe,

Hunijui. Naitwa Zarna. Nafanya kazi katika maabara ya dawa za asili hapa Upanga, kwenye jengo analofanyia usafi jirani yako Blandina. Yeye ndiye aliyenipa jina lako, na ndiye atakayekufikishia barua hii.

Kwanza pole sana kwa msiba. Blandina ameniambia kuwa Mzee Awadhi amefariki mwezi uliopita na wewe uko kwenye eda, hutoki nyumbani. Nisamehe kwa kukusumbua wakati kama huu.

Sababu ni mkono wa Blandina. Wiki iliyopita alikuwa akipiga deki huku akinisimulia jinsi mafuta ya maandazi yalivyommwagikia mwaka jana. Nikamwomba anionyeshe kovu. Akanyoosha mikono yote miwili, akaniambia, "Haya msomi, chagua." Nikachagua. Nilichagua ule ambao haukuwahi kuungua.

Anasema alipaka dawa ya mumeo, siku kumi na nne, basi. Bi. Somoe, kazi yangu ni kupima dawa za namna hiyo. Kama vimebaki vichupa, ningeomba hata kimoja. Na kama unaruhusu, ningekuja nyumbani tuzungumze.

Wako,
Zarna

*

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
15 Februari 2024

Marahaba mwanangu Zarna,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Ahsante kwa pole zako.

Kuja unaweza, wanawake hawakatazwi. Lakini kwa sasa mtu akikaa mbele yangu akamtaja Awadhi, nalia, na mgeni anaona haya, anaondoka chai haijapoa. Kwenye karatasi naweza kuweka kalamu chini, nikafuta macho, nikaendelea, na wewe usijue. Kwa hiyo tuandikiane. Nimesoma mpaka la saba, kwetu Lindi. Mwandiko wangu utauzoea.

Dawa ya moto ilikuwa yake. Aliirithi kwa babu yake. Mimi nilikuwa mtu wa kuosha vyombo tu. Meza yake ilikuwa Mtaa wa Mkunguni, na wateja walikuwa wakimlalamikia kwa jambo moja: hafungi dawa kwenye kipande cha gazeti mpaka akisome kwanza. "Subiri kidogo, hapa wametaja bei ya ufuta." Na gazeti lenyewe la mwaka juzi.

Kidonda kikubwa kuliko kiganja cha mgonjwa hakukigusa. Cha usoni hakukigusa, wala cha mtoto mchanga. Alikuwa akisema, "Nenda hospitali. Mimi si daktari, mimi ni jirani."

Vimebaki vichupa sita. Nakuletea vitatu. Hatukujaaliwa mtoto, na katika ndugu zake hakuna aliyejifunza kazi hii. Hivi vikiisha, imeisha. Nakwambia kweli, hilo ndilo linaloniuma sasa. Mtu wangu nimeshamzika, sina la kufanya. Dawa yake sikutaka kuizika.

Blandina yuko mlangoni, anasema nimalize, yeye si posta.

Somoe Abdulrazak

*

Upanga,
4 Machi 2024

Shikamoo Bi. Somoe,

Habari ni nzuri. Kile kichupa ulichokiandika "Juni" kina miezi minane na hakina ukungu hata chembe. Tumeweka dawa hiyo kwenye visahani vyenye vijidudu vinavyopenda kuingia kwenye vidonda vya moto. Kando yake vijidudu havikuota. Mkuu wetu, Dk. Bryson, ambaye si mtu wa kucheka, alisema "Hm!" Mara mbili.

Sasa nikueleze mambo yalivyo. Kila mwaka maabara yetu huchagua dawa moja ya kuendelea nayo. Inatengenezwa kwa wingi, kisha inajaribiwa kwa wagonjwa hospitalini, madaktari wakisimamia. Mafaili yanafungwa tarehe 31 Mei. Ili dawa ya Mzee Awadhi iingie, lazima sisi wenyewe tuitengeneze upya kwa maelezo yako, na ikae siku thelathini bila kuharibika. Ikishindikana, faili linafungwa, na sijawahi kuona faili lililofungwa likifunguliwa.

Naomba uniandikie inavyotengenezwa, hatua kwa hatua. Haitakuwa mali ya maabara. Kuna mkataba, na mwenye ujuzi anatajwa.

Wako,
Zarna

*

Narung'ombe,
8 Machi 2024

Mwanangu Zarna,

Shemeji yangu Hafidhi, mdogo wake Awadhi, amenikuta nikiandika barua hii, amekasirika. "Shemeji, siri ya ukoo unaigawa kama pipi!" Nikamuuliza, wewe unaijua siri hiyo? Akasema haijui. Basi, nikamwambia, hiyo si siri ya ukoo, ni ya marehemu na mimi. Amenuna, lakini mishubiri ya kutengenezea dawa atakuletea yeye, maana inaota kwake Kigamboni. Ataivusha kwa pantoni Jumatatu.

Andika hivi.

Majani ya mshubiri yakatwe asubuhi, yasimamishwe kwenye ndoo, upande uliokatwa uwe chini, mpaka alasiri. Utatoka utomvu wa njano. Huo umwage, unawasha, si dawa. Kisha menya, toa ute wa katikati, uoshe kwa maji yaliyochemka na kupoa.

Mafuta ya ufuta vikombe viwili, ya kukamuliwa, si ya kiwandani. Nta ya nyuki kipande cha ukubwa wa yai, iyeyushwe ndani ya mafuta, moto mdogo. Ipua. Yakiwa vuguvugu tia ute kikombe kimoja, na asali vijiko vitatu. Koroga upande mmoja tu mpaka yawe mazito. Jaza vichupani, funika.

Asali, Awadhi alikuwa akiionja kabla ya kuitia. Kijiko kimoja kuhakikisha ni safi, cha pili kukihakikisha kile cha kwanza. Hiyo si lazima uifanye.

Ramadhani ndiyo inaingia. Nitakuombea kazi yako.

Somoe

*

Upanga,
13 Aprili 2024

Shikamoo Bi. Somoe, na Idi njema iliyopita,

Kuna jambo nilikuficha, na leo nalisema. Tulitengeneza dawa tarehe 12 Machi. Siku ya tisa ikaota ukungu. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa umefunga, nikasema kosa ni langu, nitarudia. Nikarudia tarehe 25. Ukungu tena, wa kijani, kwenye vichupa vyote. Vichupa tulivichemsha, kila kitu tulikipima mara mbili. Hata asali niliionja.

Muda umebaki mdogo. Ili siku thelathini zitimie kabla ya 31 Mei, tunatakiwa tuwe tumetengeneza kabla ya mwisho wa mwezi huu. Dk. Bryson amenipa nafasi ya mwisho. Ananiambia, "Zarna, hawa wenye dawa siku zote hubakiza kitu kimoja mfukoni."

Bi. Somoe, kama kuna kitu umekibakiza, sikulaumu. Hata shemeji yako ana haki ya kuogopa. Lakini naomba uniambie tu kwamba kipo, hata kama hutaki kukitaja, nijue kuwa si mimi niliyeharibu.

Zarna

*

Narung'ombe,
14 Aprili 2024

Zarna,

Nimekaa na barua yako siku nzima, haijaniingia. Sijabakiza kitu. Ningebakiza ili iweje? Nimwekee nani? Nilikwambia toka mwanzo sitaki dawa hii ife, halafu niiue kwa mkono wangu?

Blandina nilipomsomea alisema, "Dada Somoe, kesho nikimkuta yule msomi nammwagia maji ya deki." Nimemkataza. Na mimi hasira zangu hazina mizizi, zikilala hazirudi. Ulikuwa umechoka, nimekuelewa.

Nimeipitisha siku yote ya kutengeneza dawa kichwani, asubuhi mpaka jioni, nione kama nimesahau. Sijaona kitu. Nilichokumbuka ni chafya zake. Awadhi alikuwa anakoroga ndani, mimi niko mlangoni nafukiza vichupa kwa ubani, kama mama yangu alivyofukiza mtungi wa maji ya kunywa, na moshi ule alikuwa hauwezi. Alikuwa akipiga chafya tatu, kila moja na alhamdulillahi yake, halafu anapiga kelele, "Somoe, unaniua, na dawa ya kulipia mazishi yangu sijaiuza bado!" Na mimi namjibu, "Koroga wewe, usibadilishe upande!" Miaka ishirini na sita maneno ni hayohayo, na kila mara tunacheka kana kwamba ni mapya.

Lakini hayo si ya dawa. Nimeyaandika kwa sababu nimecheka peke yangu, nikataka mtu ajue.

Samahani sijakusaidia.

Somoe

*

Upanga,
16 Aprili 2024

Bi. Somoe, shikamoo,

Naandika haraka, Blandina ananisubiri na amekataa kuweka ndoo chini.

Kwanza nisamehe. Sikustahili barua ya upole namna ile.

Jana jioni nilimsomea mama yangu barua yako mezani. Yeye huzipenda barua zako kuliko tamthilia yake. Nilipofika kwenye chafya alicheka, kisha akaniuliza, "Huo ubani mnatia na ninyi huko maabara?" Nikamwambia mama, hiyo ni hadithi tu. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipopata sifuri ya hesabu.

Bi. Somoe, vichupa mlivifukiza? Vyote? Siku zote? Kwa nini hukuniandikia?

Zarna

*

Narung'ombe,
17 Aprili 2024

Mwanangu Zarna,

Ndiyo, vyote, siku zote. Sikukuandikia kwa sababu uliniuliza dawa inavyotengenezwa. Kufukiza ni usafi wa chombo. Ungetaka nikuandikie na kwamba nilinawa mikono?

Sasa sikia tatizo. Mimi siwezi kufukiza. Mwenye eda hajitii manukato, na ubani ukiufukiza unaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye ngozi. Bibi anayenisimamia ameniambia labda ningeweza kumuuliza shehe. Sitaki kumuuliza. Natoka eda tarehe 27 Mei, na mpaka siku hiyo nataka nimkalie Awadhi sawasawa. Nikifukiza baada ya hapo, siku zako thelathini hazitimii. Nimelifikiria jambo hili tangu alfajiri. Blandina amejitolea, lakini huyu hata jiko la mkaa anawasha kwa kulitukana.

Fanya wewe, Upanga hukohuko. Nakuandikia kama vile nimekushika mkono.

Tafuta chetezo, au chungu kidogo. Mkaa uwake mpaka uwe mwekundu wote, usiwe na moshi wake. Tia ubani punje tatu, nne, si zaidi. Moshi mweupe ukipanda, chukua kichupa kikavu kabisa, kiinamishe mdomo chini juu ya moshi, hesabu mpaka thelathini. Kikijaa, kifunike hapohapo moshi ukiwa ndani. Usikifungue mpaka dawa iko tayari kuingia. Ukijaza, funika tena upesi. Ubani uliobaki mdomoni mwa kichupa, ule unaonata kidogo, usiufute. Mama yangu alisema huo ndio mlinzi.

Ubani mzuri uko Mtaa wa Tandamti, kwa wauza dawa. Chagua wenye rangi ya maziwa. Ukipewa wa kahawia sema umetumwa na mke wa Awadhi.

Somoe

*

Upanga,
22 Aprili 2024

Shikamoo Bi. Somoe,

Tumefanya jana, Jumapili. Dk. Bryson alikataa mkaa usiingie maabara, hivyo vichupa tumevifukizia nyumbani kwetu, kwenye baraza ya ghorofa ya tatu, kisha nikavipeleka kazini vikiwa vimefungwa. Ni arobaini kwa jumla. Ishirini vimefukizwa, ishirini havikufukizwa, mengine yote ni sawa. Hapo hata mwenye kubisha hatakuwa na la kusema. Sina uhakika bado kwamba ni ubani. Tutajua.

Ubani nilipewa wa kahawia. Nikataja jina lako. Yule mzee akaurudisha wote ndani, akatoa mwingine chini ya meza, na salamu zako nimebeba.

(Dada Somoe, mimi ni Nayna, mama yake Zarna. Nimemnyang'anya kalamu maana anaandika kama ripoti. Hakukwambia kwamba yeye alihesabu mpaka kumi akakohoa akakimbilia ndani. Vichupa kumi na saba nimefukiza mimi. Ubani huu hata sisi tunaujua, nauchoma kila siku mbele ya miungu yetu, lakini chupa sijawahi kuifukiza. Moshi ulikuwa mwingi, Vivek wa ghorofa ya nne akashuka na ndoo ya maji. Nikamwambia, ukinimwagia, utaniosha mwenyewe! Akabaki, akanishikia vifuniko. Baba yake Zarna, Vasant, alifariki mwaka juzi. Kazi ilipokwisha, niliendelea kukaa pale kwenye moshi. Wewe hutaniuliza kwa nini.)

Nimeirudisha kalamu yangu. Siku thelathini, Bi. Somoe. Nitakuwa napita kuvitazama kila asubuhi kabla ya kutua mkoba.

Zarna

*

Upanga,
22 Mei 2024

Bi. Somoe, shikamoo,

Vichupa ambavyo havikufukizwa vimeota ukungu vyote ishirini, cha kwanza siku ya nane. Vilivyofukizwa, kumi na tisa ni safi kama siku ya kwanza. Kimoja kimeharibika. Kifuniko chake hakikukaza, na mama yangu anaapa hicho kilikuwa cha Vivek.

Dk. Bryson amepima mwenyewe, kisha amerudia. Dawa imechaguliwa. Inakwenda hospitali mwezi wa nane. Niliposikia nilikwenda chooni nikalia kidogo. Blandina alinikuta, akanipa kitambaa chake cha kufutia vioo.

Limebaki jambo moja. Fomu hii inatakiwa irudi Ijumaa tarehe 31. Kwenye mstari wa mwenye ujuzi nilikuwa nimeandika Marehemu Awadhi kwa penseli. Dk. Bryson akaniuliza, "Ulipofuata aliyoyajua Awadhi peke yake, vichupa vilikuwaje?" Nikasema vilioza. "Na ulipoongeza alilolijua mkewe?" Nikachukua raba. Nikafuta.

Isitoshe lazima awe mtu aliye hai, wa kuja kutuonyesha, kutusahihisha na kulipwa kwa kazi hiyo. Fomu iko ndani ya bahasha. Mstari uko wazi. Jaza unavyoona.

Zarna

*

Narung'ombe,
28 Mei 2024

Mwanangu Zarna,

Jana nimetoka eda. Bibi aliniogesha alfajiri, akanivisha kanga mpya, akanitoa nje kwa mguu wa kulia. Nimetembea mpaka Mkunguni na kurudi bila kununua chochote. Kariakoo watu wanakwenda mbio! Nilikuwa nimesahau. Mpita njia mmoja kanisukuma, akaniambia "Samahani mama, kaa pembeni basi," nikajikuta natabasamu kama mjinga.

Sasa fomu yako. Siku nne nimeiacha mezani chini ya sahani. Mwanzo nilikasirika kwa niaba ya Awadhi. Nikaona kama mnamtoa kwenye meza yake mwenyewe, akiwa hana wa kumtetea. Halafu nikajiuliza yeye angesema nini. Nadhani angepiga makofi, kisha angeanza kunidaia heshima mtaani: "Huyu ndiye mke wangu, na mlidhani ni mwosha vyombo." Naye ndiye aliyekuwa akiniita hivyo.

Kwa hiyo jina la dawa nimeandika Dawa ya Moto ya Awadhi. Hapo sitaki ubishi wa Dk. Bryson wala wa mtu yeyote. Kwenye mstari wa mwenye ujuzi nimeandika jina langu.

Ndipo nikafika panapoulizwa kazi. Hapo kalamu ilisimama. Kwenye cheti cha ndoa, kwenye kitambulisho, hata kwenye cheti cha kifo chake walipoandika nani kaleta taarifa, pote pameandikwa mama wa nyumbani. Hafidhi alikuwa amekaa barazani anakula ndizi za kukaanga, akachungulia. "Andika hiyohiyo, shemeji, usije ukaanza kuulizwa maswali."

Nikamwambia, "Waniulize."

Nimeandika: Mtengeneza dawa. Wino umevuja kidogo kwenye ile M. Nitaileta mwenyewe Alhamisi, na tafadhali usinibadilishie karatasi.

Somoe Abdulrazak